Birika Juu ya Goti la Waruguru

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, birika lilianza kutoa mvuke juu ya goti la kushoto la Waruguru. La kulia halikutumika kwa sababu mguu huo ulikuwa kwenye pedali ya cherehani. Chini ya birika palikuwa na kitambaa cha sare kilichokunjwa, ili sketi isiungue.

Kiwanda hicho kidogo cha kushona sare za shule, kando ya Jogoo Road, kilikuwa na sheria moja ukutani: mshonaji haondoki kitini hadi mapumziko ya mchana. Miaka ya kukaa hivyo ilikuwa imeyavimbisha magoti ya Waruguru na kuyatia moto. Wachira, msimamizi, alipogundua jambo hilo aliuza jiko la gesi.

“Mama Munene, chai yako haina mfano,” alisema akijimiminia.

“Goti limesikia,” Waruguru akajibu.

Maurine, wa cherehani ya pili, alicheka hadi uzi ukakatika. “Mathe, usipone haraka. Huko nje chai ni bei!”

Lakini Waruguru alitaka kupona kabla ya Agosti. Munene, mwanawe, alikuwa anaoa, na siku ya kumchukua bibi harusi kina mama wa upande wa bwana harusi huimba na kucheza nje ya lango lililofungwa mpaka walio ndani waridhike. Mama mzazi hutangulia. Waruguru hakuweza kumaliza wimbo mmoja akiwa amesimama, na wifi yake Ndindi alikwisha kujitolea kushika nafasi hiyo.

“Wewe tutakubebea kiti,” Ndindi alimwambia, kwa furaha iliyozidi kipimo.

Sahro, jirani yake pale Kaloleni, aliuza viungo. Aliligusa goti, akaondoa kidole na kukipuliza.

“Manjano, tangawizi, pilipili manga kidogo,” alisema. “Na kutembea, dada yangu. Manjano hayatatembea kwa niaba yako.”

Waruguru alianza na manjano peke yake. Birika likachelewa kuchemka hadi adhuhuri. Ndipo wakaanza kutembea wote wawili kila alfajiri, kutoka Kaloleni hadi Makadara na kurudi, na kuchuchumaa na kuinuka wakishikilia ua wa ukumbi wa Kaloleni. Kufikia Julai, maji yalibaki kama yalivyotoka mferejini.

Wachira alijaribu goti la kulia. Baridi.

“Umefanya nini, mama?”

“Nimetembea.”

“Hapa?”

“Hapa haturuhusiwi.”

Siku ya harusi, walio ndani ya lango walikuwa wagumu. Walidai wimbo, wakadai mwingine, wakasema hawajasikia vizuri. Waruguru alitangulia, akashuka hadi sketi ikagusa vumbi, akapanda, akashuka tena. Ndindi aliomba kile kiti. Lango likafunguliwa.

Jumatatu iliyofuata, Wachira alipita kati ya cherehani akiligusa kila goti kwa kiganja. Alisimama kwa Maurine, akakunja kitambaa, akaliweka birika.

Waruguru alinyoosha mkono, akaacha pakiti ya manjano kwenye cherehani ya Maurine. “Kesho alfajiri, mbele ya ukumbi wa Kaloleni. Vaa raba.”

“Na giza lote hilo, mathe?”

“Goti lako litatumulikia.”

Walicheka wote, wakiwa wameketi. Saa tano kasorobo, birika lilianza kutoa mvuke.