Ngazi za Bi Kadzo

Mwaka wa pili wa uhuru, Shutu alichora nyumba ya ghorofa nne ya wafanyakazi wa Msambweni. Alimwonyesha mchoro shangazi yake, Bi Kadzo, ambaye angehamia naye ghorofa ya juu.

"Maiti yangu itashukaje hapa?" Bi Kadzo aliuliza, kidole chake juu ya ngazi.

"Shangazi, hata mkeka hujakunja, ushaanza kufa?"

"Cheka, mwanangu. Ukimaliza, nijibu."

Asubuhi Shutu alizichora ngazi zile kwa chokaa uwanjani, kwa vipimo vyake kamili, akaomba jeneza la msikitini na wanaume wanne wa kulipitisha humo. Kwenye kona, wawili walijikuta nje ya mstari, mahali pa ukuta. Ili kupita, ingebidi maiti asimamishwe wima kama gunia. Wanaume wale waliinamisha macho.

Akaanza upya. Kila ghorofa aliipunguzia chumba, akaipanua kona ya ngazi hata ikawa baraza. Walipohamia, hapo Bi Kadzo alisuka ukili wa mikeka na majirani miaka mitatu.

Siku alipozikwa, majirani walisimama katika kila baraza wakipokezana jeneza. Bi Kadzo alishuka amelala, mpaka chini.