Soko la Jaifar

Gari lilikuwa limeshauvuka mlima wa Al Amerat, linateremkia Qurayyat, ndipo Jaifar alipoanza kuomba warudi.

"Shangazi, kazi imekwisha. Soko linampa baba tisini na tatu kwa mia."

Mwanakheri hakuondoa macho barabarani. Wiki nzima kapigiwa kelele za soko hilo, na wala halikuwa la samaki. Jaifar alilitengeneza kwenye simu: kila mtu anapewa pointi, anaziweka kwa mgombea anayemwona atashinda, na kadiri wanavyomwamini ndivyo bei yake inavyopanda kuelekea mia. Pesa hamna, kwa hivyo kamari hamna. Utabiri wa kisasa, alisema.

Sleiman, baba yake Jaifar na mdogo wake Mwanakheri, alikuwa ameacha kazi ya serikali agombee kiti cha Shura, baraza la wawakilishi. Akikosa, hana pa kurudi. Kura zenyewe siku hizi hupigwa kwa simu, na nusu ya ukoo ni mabibi wasiojua kitu katika simu ila kupokea. Usipoketi nao, kura haiendi, ndiyo maana ya safari hii ya nyumba kwa nyumba. Na leo ndiyo siku yenyewe, mwisho magharibi, na alasiri imeshaingia.

"Hao wenye pointi nani?"

"Watu tu. Ami Hisham, mama mdogo Taghreed, Aflah..."

"Hao si watu, hao ni sisi. Na majina yanaonekana?"

"Lazima yaonekane, shangazi. Uwazi."

"Mwanangu, umesoma mpaka umepitiliza. Nani atamtilia pointi mtu baki, na mashangazi wanamtazama? Ishakuwa aibu hiyo. Mpigie Aflah."

Aflah, jamaa yao, alikuwa kulekule Qurayyat, kwenye mnada wa samaki anakofanya kazi.

"Aflah, nambie kweli. Huko vipi?"

Aflah alikohoa. "Wavuvi wamehama, bibi. Wako na yule mgombea mwengine."

"Na pointi zako?"

"Kwa Sleiman, zote. Ningezitia kwengine ungenikaribisha tena chakula?"

"Kura je, ushapiga?"

"Bado. Si mmesema keshapita?"

Mwanakheri akamtazama Jaifar kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani. "Umemsikia? Hiyo ndiyo tisini na tatu yako, inaongea." Akakanyaga mafuta.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Taghreed. Naye hajapiga. "Tushashinda, habibti, una haraka ya nini? Kaa, unywe kahawa." Kahawa haikataliwi. Ikaja halwa, zikaja tende, zikaja pongezi. Nyumba ya pili vilevile, na kila mlangoni Mwanakheri anatukana kimoyomoyo huku anatabasamu. Walipofika ya tatu, adhana ya magharibi ikawakuta wanavua viatu.

Sleiman alikosa kwa kura chache, chache kuliko jamaa zake waliokaa wakasubiri ushindi. Sasa anamsaidia shemeji yake duka la viyoyozi Ruwi. Taghreed husema ilikuwa kadari. Aflah yuko mnadani. Jaifar alilifuta soko na baba yake hajamsemesha. Mwanakheri amejitoa kwenye kundi la simu la ukoo, na wakimtaka humfuata nyumbani kwake Al Amerat.