Siku Niliyopita Bila Kusalimia

Mimi hasira zangu ziko karibu, na mdomo wangu haulali, kijiji chetu kizima cha Kishanda wanajua, kwa hiyo sitajifanya mpole hapa. Siku punda alipoletwa mimi ndiye niliyenyoosha mkono, na nilinyoosha kwa sababu ya shingo.

Nimebeba maji, ndizi, kahawa na kuni kichwani tangu nina miaka saba, na sasa nina hamsini na miwili. Mwaka jana daktari kule Rubya alinionyesha picha, akasema pingili za shingo zimesagika, na nikiendelea kubeba mizigo kichwani mikono yangu itakufa ganzi. Mume wangu alishafariki. Kisima kiko bondeni. Binti yangu Evelyne, mwenye chumba na sebule Bukoba mjini, akawa ananipigia simu kila jioni kunisihi nihamie kwake. Namshukuru. Lakini mimi nikae kwenye kochi Bukoba nikitazama tamthilia, huku kibanja changu, migomba na mibuni niliyopanda kwa mikono hii, kinageuka pori? Nililia nilipofikiria hilo, na mimi si mtu wa kulia. Shemeji yangu Rwekaza, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshaanza kuniambia kwa upole kwamba nisihangaike, kibanja atakiangalia yeye. Upole wa Rwekaza unanitisha kuliko matusi yake.

Ndipo mradi fulani ukakipa kikundi chetu cha akina mama punda mmoja na mkokoteni. Huku kwetu punda si mnyama wa kila siku. Wengi wetu tulikuwa tunamkumbuka siku ya Jumapili ya Matawi tu, tena kwenye masomo ya misa. Na huyu alikuwa mdogo, mgongo wake unanifika kiunoni. Alisimama uwanjani ameinua kichwa kama mkubwa anayesubiri kuletewa taarifa, tukamwita Katikiro, cheo cha waziri mkuu wa wafalme wetu wa zamani.

Afisa mifugo wa kata, Anatory, alitoa sharti mbele yetu sote. Mkokoteni ungebaki kwanza Muleba, maana huwezi kumfunga mkokoteni punda ambaye hajajua kuongozwa. Tulipewa wiki sita. Siku ya mwisho Katikiro angetakiwa kutembea kutoka lango la kanisa hadi ghala la kahawa, karibu kilomita moja, mwendeshaji akiwa nyuma yake ameshika kamba mbili ndefu, bila mtu wa kumvuta mbele wala fimbo. Akishindwa, atahamishiwa kikundi kingine cha Muleba ambacho kilikuwa kimeshamwomba. Wenzangu tisa wakatazama miguu yao. Nikasema mimi Edvina nitamfundisha, na nikitoka hapo mkokoteni utakuwa unabeba maji yangu.

Kusema ni rahisi jamani. Wiki ya kwanza nilimvuta kwa mbele kama tunavyovuta mbuzi. Nikivuta, anavuta. Siku ya tatu alivuta yeye zaidi nikaanguka kwenye lundo la mbolea, na Rwekaza alikuwa amesimama pale kwenye mpaka anatazama. Nilimtukana punda kwa Kihaya, nikamtukana kwa Kiswahili, wala hakujali. Nikampigia Anatory simu nikamwambia mnyama wake ni mbovu.

Anatory akaja na pikipiki, akacheka mpaka akatoa kofia, kisha akanifundisha. Kamba mbili zinatoka kwenye hatamu ya kichwani, zinapita kwenye pete za mkanda wa mgongoni, zinakuja mpaka mikononi mwako. Unasimama nyuma, kidogo pembeni, mbali na mateke. Unasema twende, unatembea. Ukitaka kulia unavuta kulia kidogo, akigeuka unalegeza pale pale, na huko kulegeza ndiyo asante yake. Ukitaka asimame unasema simama, unavuta zote mbili taratibu, unalegeza. Aliniambia punda haoni uso wako ukiwa nyuma. Anachokijua ni sauti yako, miguu yako na mikono yako.

Nikaanza upya, ndani ya kibanja, asubuhi kabla umande haujakauka. Hatua kumi, simama. Hatua ishirini, simama. Kuzunguka mgomba kwa kushoto, kuzunguka kwa kulia. Wiki ya tatu Katikiro alizunguka kibanja chote bila kosa, masikio yake yakigeuka nyuma kunisikiliza, na mimi nilijisikia kuimba. Sijawahi kutiiwa hivyo na kiumbe yeyote, watoto wangu wakiwemo.

Nikamtoa barabarani. Na barabarani, ndugu zangu, kila alipoona mtu alisimama.

Mtu mmoja akitokea kwenye kona, Katikiro ananyong'onyea, anasimama. Wakipita watatu kwa zamu, anasimama mara tatu. Siku nzima tulifika nusu ya safari. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwahidi maganda ya ndizi. Zikiwa zimebaki siku tisa, Anatory alikuja akatembea nyuma yangu kimya hadi karibu na ghala la kahawa na kurudi. Tulipofika nyumbani akaniambia maneno ambayo sikuyapenda.

"Mama Evelyne, punda hana tatizo. Anayemsimamisha ni wewe."

Nikamuuliza kwa vipi. Akasema nilikuwa nikimwona mtu hatua kumi mbele, miguu yangu inapunguza mwendo, kamba zinalegea, sauti inashuka, kisha napiga magoti. Nilikuwa namsalimia. Na nilikuwa nasalimia vizuri, kama nilivyolelewa. Kwetu mwanamke hampiti mkubwa wake njiani hivi hivi. Anapiga magoti, anauliza umeshindaje, nyumbani wameshindaje, ng'ombe, migomba, yule mgonjwa wenu, na anasubiri kila jibu. Kwa wiki nzima nilikuwa nimemfundisha Katikiro, kwa bidii zote, kwamba binadamu akionekana mbele kazi imekwisha. Mtu wa kwingine asingefanya kosa hilo. Angepunga mkono akapita.

Dawa yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa chungu. Nipite watu bila kusalimia, mikono na miguu isibadilike, mpaka punda asahau. Nikajaribu. Nilitembea nimekaza macho mgongoni mwa Katikiro, nikiwapita wazee walionisimamia ubatizo na akina mama walionipikia harusini, nikiona aibu mpaka masikioni. Punda akaanza kwenda. Polepole, kwa kusitasita, lakini akaanza kwenda. Maneno nayo yakaanza kwenda, tena mbio kuliko punda. Edvina siku hizi hasalimii. Edvina anapita watu kama milingoti. Nilijua ni Rwekaza aliyekuwa anayabeba maneno hayo, na nilijua anayapeleka kwa nani.

Aliyapeleka kwa mama mkwe wangu, Mama Kokushubila. Ana miaka themanini na mitatu, anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, na chakula chake cha mchana napika mimi. Lakini kati yetu kuna jambo. Mwezi nilioolewa, miaka thelathini na mmoja iliyopita, nilimpita kisimani nikiwa na mtungi kichwani bila kumsalimia. Haki ya Mungu sikumwona, jua lilikuwa machoni. Hakusema nami miezi miwili. Baadaye alisema nami, tukaishi vizuri, tukazika mume wangu pamoja, lakini ile siku hajawahi kuitaja wala mimi sijawahi kuomba radhi, kwa sababu nami nina kiburi changu.

Aliniita siku mbili kabla ya mtihani. Nilikaa chini kwenye nyasi alizotandaza sebuleni nikamweleza yote, kamba, mikono, magoti, kibanja, Bukoba. Nilimwambia kwamba njiani siku hiyo watu watakuwa wengi, na yeye atakuwepo, na nikimsalimia punda atasimama. Alitafuna buni yake taratibu, kama wazee wetu wanavyotafuna kahawa. Akasema, "Nimesikia." Basi. Nilirudi nyumbani sijui kama nimeruhusiwa au nimelaaniwa.

Mtihani ulikuwa Jumapili baada ya misa. Barabara ilijaa pande zote mbili, maana habari ya mwanamke anayemfukuza punda kwa kamba ilikuwa imefika mpaka vijiji vya jirani. Wenzangu wa kikundi walivaa sare. Anatory alisimama langoni na daftari. Nikashika kamba, nikasema twende.

Tukaenda vizuri hatua hamsini, labda sitini. Kisha Rwekaza akatoka katikati ya watu. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe. Akaja mpaka ukingoni mwa barabara, akanyoosha mkono wake wa kulia, akaanza kunisalimia kwa sauti ya mnadani: wasibota waitu, umeshindaje shemeji, nyumbani umewaachaje, mbona hunijibu mdogo wa mumeo? Hakuna aliyeweza kusema amekosea. Alikuwa anasalimia tu, kwa adabu zote. Katikiro akapunguza mwendo. Nikasikia mkono wangu wa kushoto unalegea wenyewe, na goti langu, goti hili la kijinga lililolelewa vizuri, likaanza kukunjika. Watu wote walikuwa wananitazama usoni, wakisubiri. Niliona kochi la Bukoba.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na Rwekaza, alikuwa Mama Kokushubila amesimama na fimbo yake. Alinitazama. Halafu, polepole kwa ajili ya miguu yake, akageuka akanipa mgongo.

Nilidhani amenikataa mbele ya parokia nzima. Kisha nikaelewa. Aliyekupa mgongo humsalimii, huwezi, hayupo. Alikuwa ameniondolea deni la salamu. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akamtazama, akageuka naye. Kisha mume wake. Kisha wazee wa kanisa, kisha wenzangu wa sare, mmoja mmoja pande zote mbili, mpaka barabara nzima ikawa migongo mitupu, vitenge na makoti, kutoka pale hadi kwenye ghala. Akabaki Rwekaza peke yake, amenyoosha mkono.

Nikazirudisha kamba sawa. "Twende," nikasema, na sauti yangu ilitoka tumboni. Katikiro akatikisa masikio akaenda. Tulimpita Rwekaza karibu kiasi cha mkia kumpiga kwenye koti. Tulipita migongo yote ile nikitembea nimenyooka, machozi yananitiririka, na hakuna aliyeyaona kwa sababu hakuna aliyekuwa anatazama. Kona ya kushoto akageuka. Daraja la miti akalivuka. Mbele ya ghala nikasema simama, nikavuta taratibu, akasimama miguu minne sawasawa, nikalegeza.

Anatory alifika anahema, akafunga daftari bila kuandika kitu. Akasema mkokoteni atauleta Jumatano. Ndipo watu wakageuka, na vigelegele vilivyopigwa pale sikuvisikia hata siku ya harusi yangu.

Nilimgeuza Katikiro, nikamwendesha njia ile ile mpaka alipokuwa Mama Kokushubila. Nikasema simama, akasimama kwa kuwa nimemwambia. Nikaweka kamba chini, nikapiga magoti mavumbini na gauni langu la Jumapili. Nikamsalimia. Nilimuuliza ameamkaje, miguu yake, usiku wake, kuku wake, migomba yake, wanawe walio hai na walio kaburini, sikuruka hata kimoja. Alijibu vyote. Katikiro alisubiri.

Nilipomaliza akaniwekea mkono kwenye shingo, pale panapouma.

"Na ile ya kisimani," akasema, "nayo nimeipokea."

Kisha akauliza Jumatano mkokoteni utafika saa ngapi, maana yeye ana madumu mawili.