Kibali cha Marehemu Tich

Marehemu Tich alikataa kwa siku tatu mfululizo. Khuyen, mkewe, alirusha sarafu mara tatu kila siku, kwa sababu desturi hairuhusu kumsumbua marehemu zaidi ya hapo, na mara zote tisa hakupata ndiyo.

Sarafu zilikuwa mbili, za shaba, zenye tundu katikati, upande mmoja umepakwa chokaa. Zikianguka sahanini moja nyeupe na moja nyeusi, marehemu amekubali. Zikiwa nyeusi zote, amekataa. Zikiwa nyeupe zote, anacheka, na mtu anayechekwa hajakubaliwa. Tich alikataa mara tano na kucheka mara nne. Khuyen alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuolewa. Alijua kwamba kila mrusho una nafasi nusu kwa nusu, na kwamba kukosa mara tisa mfululizo ni jambo la mara moja katika mia tano na kumi na mbili. Akamwambia hivyo mama mkwe wake.

"Hizo ni hesabu za walio hai," alisema Bibi Thuc, akatema mate mekundu ya tambuu kwenye kopo. "Mwanangu mbishi tangu tumboni. Nilimzaa matako mbele."

Kilichoombwa kilikuwa mashine. Kijiji kizima, mwendo wa saa moja kutoka Hanoi, kiliishi kwa kutengeneza vitu vya karatasi vya kuchomewa wafu ili viwafikie huko waliko: mashati, viatu, simu, pikipiki, majumba. Mwaka huo viwanda vya nguo vya mkoani vilifungua siku tatu tu kwa wiki, maji ya mto yalikuwa yamelala mashambani mara mbili, na kati ya karakana thelathini za kijijini, kumi na nne zilikuwa zimefungwa. Watu hawakuwasahau wafu wao, walipunguza tu. Aliyezoea kumchomea baba yake nyumba ya ghorofa yenye gari na mbwa wa ulinzi, sasa alimchomea shati na kandambili, akamwomba radhi.

Hoja ya Khuyen ilikuwa fupi. Watu wakibana matumizi, atakayebaki ni mwenye bei ya chini, na bei ya chini haipatikani kwa mkasi. Mashine ya kukatia ilikata mashati arobaini kwa pigo moja. Kuinunua kungemaliza dhahabu yake yote ya harusi, bangili na pete tisa. Mashine ikishindwa kujilipa, angefunga karakana ya vizazi vitatu na kuhamia chumba cha nyuma kwa wifi yake, Hoai, ambaye alikuwa ameshakifagia.

Hoai aliuza pesa za karatasi za kuchomea wafu, mabunda kwa mabunda, kazi isiyotaka ufundi.

"Wifi, mimi nakwambia kwa mapenzi," alisema. "Dhahabu ni ya siku mbaya. Na hizi ndizo siku mbaya."

"Ndiyo maana naitumia."

"Unaitumia kununua chuma!"

"Wewe unaniandalia chumba, wifi. Mimi naandaa nisikihitaji."

Bila kibali cha Tich hakuna kilichowezekana. Karakana ilikuwa yake, na wakataji watatu walioajiriwa walisema wazi kwamba hawatagusa mashine ambayo bosi ameikataa, hata kama bosi ana miaka sita kaburini.

Siku ya nne Bibi Thuc alikuja na maelezo. Mwanawe hajakataa mashine, ila hajaiona. Alipokuwa hai hakununua hata jembe kabla ya kulishika mkononi, kulipima uzito na kuligonga kwa ukucha. "Mtengenezee ya karatasi, mkwe wangu. Aishike."

Khuyen aliona hoja hiyo ina mantiki. Kosa lake lilianzia hapo, na lilikuwa kosa ambalo mtu mzembe asingelifanya.

Vitu vya wafu hutengenezwa kwa sura tu. Simu ya karatasi ni boksi lenye picha ya simu. Pikipiki haina injini ndani. Hakuna marehemu aliyewahi kulalamika. Lakini Khuyen alikwenda kwa Quyet, muuza mashine mjini, akakaa mbele ya mashine ya maonyesho siku mbili na rula mkononi.

"Dada, unanunua au unaiba?" Quyet aliuliza.

"Napima. Kisu kina urefu gani?"

"Sentimita sitini na mbili. Kinadumu siku arobaini, halafu unakuja kwangu kununua kingine. Sehemu nyingine hukipati."

Aliiunda upya nyumbani kwa karatasi na mianzi, ukubwa uleule: mota ndani, mikanda, skrubu mia moja na nane za karatasi ya fedha, kisu cha sentimita sitini na mbili. Alinakili kwa mkono kijitabu cha maelekezo, kurasa ishirini na mbili. Bibi Thuc akaongeza sanduku la ruwaza zote za mashati ya karakana, ili mwanawe aone mashine itakata nini. Wakaichoma uani asubuhi, mezani kukiwa na kuku wa kuchemsha na wali wa kunata.

Khuyen akarusha sarafu. Moja nyeupe, moja nyeusi, kwa mrusho wa kwanza.

Dhahabu ikauzwa. Mashine ikaja, ikafungwa, ikanguruma. Kwa siku kumi na moja ilikata mashati arobaini kwa pigo moja, na bei ya shati ikashuka hadi theluthi ya ile ya zamani. Wateja wakapanga foleni. Wakataji walipewa kazi ya kubandika kola, wakakubali kwamba bosi hakukosea.

Siku ya kumi na mbili Mama Duyen, muuza chapati za mchele, alirudisha mashati kumi na mawili yakiwa bado kwenye mfuko.

"Usinielewe vibaya, Mwalimu. Baba kanitokea ndotoni. Kasema nisimtumie nguo tena."

"Kwa nini?"

"Ananunua hukohuko. Kuna karakana imefunguliwa." Mama Duyen aliangalia chini. "Kwa Tich."

Khuyen alihesabu mashati. Yalikuwa kumi na mawili.

"Kasema mshono mzuri," Mama Duyen aliongeza, kwa kuliwaza. "Na anapimwa mwilini, si kama sisi tunaokisia. Baba alinenepa, sisi hatukujua."

Hadi mwisho wa wiki walikuja wengine kumi na tisa na habari ileile, na maelezo yao yalilingana: mlango wa kijani, mashine inayonguruma, Tich mwenyewe na penseli sikioni. Khuyen, ambaye hakuamini ndoto, hakuwa na njia ya kueleza mlango wa kijani. Ndio uliokuwa kwenye picha ya ukurasa wa kwanza wa kijitabu, nyuma ya mashine, na picha hiyo aliinakili yeye peke yake.

"Mwanangu kafungua duka!" Bibi Thuc alitangaza barabarani. "Alipokuwa hai alikuwa anaamka saa tatu!"

Aliyenufaika ni Hoai. Wafu sasa walijinunulia wenyewe, kwa hiyo walihitaji pesa taslimu. Mabunda yake yalimalizika kila siku kabla ya chakula cha mchana.

"Kaka yangu kanikumbuka," alisema, akijipepea kwa noti ya karatasi ya dongi bilioni moja. "Chumba bado kipo, wifi. Nimeweka na feni."

Khuyen alipiga moyo konde, akakaa mbele ya picha ya mumewe na sahani ya sarafu. "Umefungua karakana?" Moja nyeupe, moja nyeusi. "Utaifunga?" Nyeupe zote mbili. "Hata kwa ajili yangu?" Nyeupe zote mbili. Zilibingirika kidogo sahanini kabla ya kutulia, na Bibi Thuc akasema hicho ndicho kicheko chake hasa, alikuwa akicheka hivyo kila alipomshinda mtu karata.

Wakataji wawili waliondoka. Mashine ilifunikwa turubai. Kila asubuhi Khuyen aliifunua, akaikatisha mashati arobaini yasiyo na mteja, akaifunika tena, kwa sababu kijitabu kilisema ikilala itashika kutu. Siku ya thelathini na nane mashati yalitoka na kingo zenye nyuzi. Alifungua kijitabu ukurasa wa tisa: kisu hubadilishwa kila siku arobaini. Akausoma mara mbili. Kisha akafungua kalenda, akatafuta siku ile ya kuku na wali, akahesabu.

Mashine ya mumewe ilikuwa imeitangulia ya kwake kwa siku sita. Na Quyet, muuzaji pekee wa visu hivyo, alikuwa hai na mzima wa afya.

Hakumwambia mtu. Alikwenda mjini, akanunua kisu chake, akarudi, akangoja.

Kesho yake Mama Duyen alifika mbio, unga mkononi. "Mwalimu! Baba kaja na shati limechanikachanika, utadhani limetafunwa na panya! Kasema kwa Tich kuna foleni mpaka barabarani na watu wanatukana!"

"Pole."

"Si umtumie kisu?"

"Cha nini? Mimi na yeye ni washindani."

Habari zilimfikia Hoai, ambaye biashara yake ilitegemea wafu wawe na cha kununua. Akachoma kisu cha karatasi haraka haraka, bila kupima. Asubuhi Bibi Thuc alileta jibu la ndotoni: Tich anashukuru, kisu ni kizuri, amekatia kuku.

Bibi kizee alikaa chini, mikono magotini. "Mkwe wangu. Mtumie mwanangu kisu. Anaaibika."

"Nitamtumia, mama. Kwa masharti."

Alirusha. "Kisu kimeisha makali?" Ndiyo. "Unataka kingine?" Ndiyo. "Utakubali masharti yangu?" Nyeupe zote mbili.

"Haya," alisema Khuyen, akainuka. "Akate kwa meno."

Siku mbili sarafu zilikaa kabatini. Siku ya tatu Bibi Thuc aliamka macho mekundu. "Kaja. Kasimama mlangoni, mikono nyuma, kama siku ile alipouza ng'ombe bila kuniuliza."

"Kasema nini?"

"Kasema urushe tena."

Moja nyeupe, moja nyeusi. Khuyen alivaa miwani, akasoma masharti kwa sauti, kwa kuwa mkataba usiosomwa si mkataba. Mumewe atapewa kisu kila siku arobaini, kilichopimwa. Mashati yote yatakatwa kwake, kwa kuwa yeye ndiye anayewaona wateja na kuwapima. Lakini hatapokea pesa tena kutoka kwa mtu yeyote. Atapokea stakabadhi tu: kipande cha karatasi chenye muhuri mwekundu wa karakana, aliouacha baba yake Tich, na stakabadhi hizo zitauzwa upande huu, na Khuyen. Anayetaka kumvisha marehemu wake ataichoma stakabadhi, na marehemu ataipeleka kwenye mlango wa kijani. Akarusha. Marehemu akakubali.

Stakabadhi moja ilichukua karatasi ndogo kuliko kola. Mashine ilikata elfu nne kwa pigo moja. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata mfanyakazi wa siku tatu kwa wiki aliweza kumvisha baba, mama na mjomba, na bado akabaki na nauli. Mwezi wa saba, mwezi wa wafu wote, ulipofika, Khuyen aliwarudisha wakataji wawili na kuajiri watatu zaidi. Kazi yao ilikuwa kugonga muhuri. Shati la karatasi halikutengenezwa tena katika karakana hiyo, na hakuna mteja aliyeuliza kwa nini.

Hoai alikuja akiwa na bunda moja mkononi, kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani.

"Wifi, hawanunui pesa tena."

"Najua."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Kuna chumba nyuma," alisema Khuyen. "Ila hakina feni. Utanisaidia kufunga mabunda." Akamwacha ateseke kidogo, kisha akamwambia kwamba alihitaji mtu wa kuuza stakabadhi sokoni, na Hoai akakubali kabla hajaambiwa malipo.

Baada ya sikukuu, Bibi Thuc alikuja asubuhi na mapema, tambuu bado haijakolea mdomoni.

"Tich kanitokea. Anataka kupanua. Anataka mashine ya pili."

Khuyen aliendelea kupanga stakabadhi, mia kwa mia. "Nyakati hizi si nzuri, mama. Mafuta yamepanda. Wanasema maji yatarudi."

"Nilimwambia. Kasema nyakati zikiwa mbaya ndipo mtu apanue."

"Kayasikia wapi hayo?"

"Sijui. Kasema nikuombe kibali."

Khuyen akachukua zile sarafu mbili kabatini, akazitazama, akazirudisha bila kuzirusha.

"Mwambie nimekataa."

Bibi Thuc alileta ombi hilo mara tatu siku hiyo, mara tatu siku iliyofuata, na mara tatu tena siku ya tatu. Khuyen alikataa mara tano na kucheka mara nne. Siku ya nne bibi kizee aliweka kopo lake chini kwa kishindo.

"Mkwe wangu, mwanangu anauliza, tatizo ni nini hasa?"

"Tatizo, mama, ni kwamba hiyo karakana yake sijaiona."

"Kasema ukitaka kuiona uende."

"Sina haraka," alisema Khuyen. "Mwambie anitengenezee ya karatasi."

Kisha akazima mashine, akafungua skrubu nne za kifuniko, na kubadilisha kisu. Ilikuwa siku ya arobaini.