Kikohozi cha Benchi la Tatu

"Mtoto haumwi katika nyumba hii kabla mimi sijajua." Ndivyo Mama Rada alivyopenda kuwaambia wageni, mikono kiunoni, sauti juu, kama mtu anayenadi redio sokoni. Jina la Rada alipewa na watoto wenyewe. Aliweza kuongoza sala ya jioni amewapa mgongo, macho kayafumba, na bado akajua nani huko nyuma anatafuna pipi.

Alikuwa mlezi mkuu wa makao ya watoto ya kanisa, na kwake vikohozi vilikuwa vya aina tatu: cha koo, cha kifua, na cha kukwepa vyombo. Hicho cha mwisho ndicho kilimkera, akakitungia sheria. Atakayekohoa kwenye sala bila ugonjwa wa maana, atasugua sufuria ya uji, ile nyeusi ambayo mtoto akiinamia unabaki kuona visigino tu. Na ugonjwa wa maana ni upi? Hakimu nani? Rada huyo huyo.

Haukupita muda, kanisani kimya. Mchungaji akasifu: "Mama, watoto wako hata mafua yanawaogopa!"

Rada akacheka, akaitikia amina.

Pale benchi la tatu aliketi binti waliyemwita Kinanda kwa ajili ya sauti yake, na ubavuni mwake mdogo wake, Nukta, kijitu kidogo hicho, ukipiga chafya umemkosa. Jioni moja Kinanda akakohoa katikati ya sala.

"Cha vyombo hicho," Rada alisema bila kugeuka. Kanisa zima likaangua kicheko.

Kinanda akasugua sufuria. Hakukohoa tena mbele ya mtu. Kabla mvua za mwaka ule hazijakatika, alianguka katikati ya wimbo, na hakurudi kutoka hospitali. Daktari alisema kifua kilikuwa kimeharibika zamani. Akauliza: nyinyi mlikuwa wapi?

Makaburini, shangazi wa mabinti wale, msusi wa nywele, ndugu pekee waliyebaki naye, aliuliza hilo hilo. Rada akajibu upesi: "Ilikuja ghafla, dada yangu. Hakukohoa hata mara moja."

Basi jioni hiyo, kwenye sala, ndipo kilipoanza.

Kidogo, kikavu, kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha. Kilitoka benchi la tatu, katikati ya Baba Yetu. Rada akageuka. Watoto wamefumba macho, midomo imebanwa.

"Nani huyo?"

"Hakuna, Mama," wakaitikia kwa pamoja, vizuri mno, kama kibwagizo cha kwaya.

Kesho yake kikaja tena. Akalihamishia benchi stoo. Kikohozi kikahamia dirishani. Akapaka vizingiti mafuta ya maombi. Watoto wakateleza, kikohozi hakikuteleza. Akaenda jikoni.

"Wewe unakisikia?"

"Nasikia maharage yanatokota," mpishi alisema, "na nakusikia wewe unaongea peke yako. Nikuambie kipi kinanitisha zaidi?"

"Sitanii."

"Na maharage hayatanii, Mama. Nipishe."

Kumwambia mchungaji hakuthubutu. Angeanzia wapi? Akawa anasali kwa siri, midomo inacheza: pumzika, mwanangu, pumzika, niache. Na Nukta alimkwepa kabisa. Mtoto alikuwa na macho ya dada yake, shingo ya dada yake. Akitokea huku, Rada alishika njia ya kule. Alimpakulia chakula akitazama sahani. Gauni likampwaya yule mtoto, mashavu yakabonyea, na mwanamke aliyejua hadi pipi iliyofichwa shavuni hakuona kitu, kwa kuwa hakutazama.

Jumamosi mchana shangazi akaja. Alikaa kwenye kiti cha wageni ofisini, mkoba kaukumbatia.

"Sitazunguka, mlezi. Nimepata chumba chenye nafasi. Nukta nikimkuta mzima, namwacha amalize shule hapa. Nikiona vingine, naondoka naye leo hii."

"Mzima kama chuma!" Rada alisema. Alimtaka abaki, kufa na kupona. Mtoto akiondoka na kibegi chake, kila mtu angeuliza kwa nini. "Nimeshaagiza aitwe. Anakuja sasa hivi."

Wakangoja. Nukta hakutokea.

"Hebu nirudie," shangazi alisema taratibu. "Usiku nakosa usingizi. Dada yake kweli hakuonyesha dalili? Hata kikohozi?"

Rada akafungua kinywa. Na nyuma ya ukuta, stoo, kikabisha: kidogo, kikavu. Amekuja kusikiliza, aliwaza. Kinanda amekuja kusikia nitasemaje.

"Hata kimoja," alinong'ona. "Pumzika, mwanangu."

"Nipumzike nini? Nani anakohoa huko?"

Rada akamkodolea macho. "Wewe... unakisikia?"

"Kwani mimi kiziwi?"

"Hakuna mtu, dada. Ni upepo."

"Upepo wenye kifua!" Shangazi alishainuka. Alitoka, akasukuma mlango wa stoo, Rada nyuma yake.

Kati ya magodoro na lile benchi alikuwa amejikunyata Nukta, sweta kaliuma kwa meno, machozi yanamtiririka, mabega yanaruka. Mkono wa sweta ulikuwa umelowa, na madoa yake yalikuwa na rangi ya kutu.

"Nilikuwa nakuja, shangazi," alisema alipopata pumzi. Alimwona shangazi tu. "Kimenishika mlangoni. Nikasema kiishe kwanza. Usimwambie Mama Rada. Wenzangu wote hawasemi."

"Kwa nini unauma sweta, mama yangu?"

"Ukiuma, sauti haitoki. Dada alinifundisha."

"Alikufundisha lini?"

"Siku ile aliyokohoa kwenye sala, Mama Rada akamsuguisha sufuria. Kila usiku alikuwa anauma lake, na mimi namshikia mgongo."

Shangazi akainama, akambeba. Alipogeuka, Rada alikuwa amesimama katikati ya mlango.

"Sogea," shangazi alisema. "Mtoto anakwenda hospitali."