Dawa ya Ng'ombe Mmoja

Mama mkwe wangu ni mtu wa haki. Mungu atuepushe na watu wa haki. Sabuni ya mche huikata kwa uzi, ili kipande changu na cha Madamu, mke wa shemeji yangu, vilingane hadi povu. Wanawe wawili waligombana utotoni, mmoja akapoteza jino, na tangu hapo bibi huyu akaapa kwamba ndani ya ua wake hakuna atakayepata zaidi kuliko mwenzake. Nilipoolewa nilikuta hata kivuli cha ukuta kina mipaka.

Kitu kimoja tu hakikugawanyika: ng'ombe wangu. Baba alinikabidhi siku niliyotoka kwetu. "Ukiwa na maziwa yako," alisema, "hakuna atakayekuuliza chumvi imeishaje." Na kweli. Mume wangu ni dereva wa malori ya mbali. Anachotuma kwa wingi ni salamu. Viatu vya binti yangu, mafuta ya kupikia, sare ya shule, vyote vilitoka kwenye chuchu zile nne. Madamu naye alikuwa na ng'ombe, lakini yeye ni mwalimu. Kwake ng'ombe ni kama hereni: akikosa, sikio halifi.

Asubuhi moja nikakamua chuchu ya nyuma, yakatoka madonge. Kiwele kilikuwa cha moto. Daktari wa mifugo akaja, akabonyeza, akapokea teke lake.

"Ugonjwa wa kiwele," akasema akijipangusa suruali. "Kamua hadi chuchu ibaki tupu, isafishe, kisha ingiza tyubu moja ya dawa asubuhi na moja jioni. Maliza pakiti nzima. Hata maziwa yakiwa meupe kama shuka ya hoteli, maliza. Na maziwa hayo mwaga, yasiingie kwenye ndoo ya watu."

Dukani ilikuwa imebaki pakiti moja, nyingine zinasubiri gari. Nikaondoka nayo nikijiona mwenye bahati.

Ndiyo kwanza nimeanza dozi, ng'ombe wa Madamu naye akaugua. Msiniulize ugonjwa ulihamaje. Aliyetusaidia kuosha viwele ni mama mkwe, na kwa haki yake alitumia kitambaa kimoja kwa wote wawili, asije mmoja akafutwa vizuri zaidi.

"Lete hizo dawa," akaniambia.

"Mama, hii ni dozi ya ng'ombe mmoja."

"Na wanaoumwa ni wangapi?"

"Wawili. Lakini nusu haiponyi, mama. Daktari amesema..."

"Daktari halali hapa. Ungekuwa na watoto wawili wana homa, mmoja ungempa dawa na mwingine ungemwimbia?"

Nikajaribu mzaha, maana umewahi kuniokoa. "Basi tungoje, mama, ugonjwa nao ujigawe nusu kwa nusu."

Hakucheka. Madamu akasema kwa ule upole wa ubaoni, "Dada, usikasirike. Gari likija nitakurudishia."

Nikampigia mume wangu. Lori likinguruma, akasema, "Msikilize mama. Usiniingize kwenye vita vya wanawake."

Nikazitoa.

Balaa ni kwamba nusu ilifanya kazi. Maziwa yakasafika kwa ng'ombe wote wawili, na mama mkwe akazunguka ua kama aliyetoka chuo kikuu. "Mnaona? Daktari angetumalizia dawa bure!"

Gari la dawa halijafika, viwele vikavimba upya. Safari hii vilikuwa vigumu kama jiwe la kusagia. Pakiti mpya zilipokuja tukaingiza zote bila kubakiza, ugonjwa hata haukugeuza shingo. Daktari akajaribu dawa nyingine, kisha akavua glovu.

"Vijidudu dhaifu mliviua," akasema. "Mkawaachia uwanja wababe. Huyu hatakamuliwa tena."

Mchinjaji alikuja na kamba yake mwenyewe. Mama mkwe akanishika bega. "Ni kudra, mwanangu."

Kudra! Wakati huo kitambaa chake kilikuwa kinakauka kwenye kamba ya nguo.

Wa Madamu naye akachukuliwa. Madamu akalia hadi kengele ya shule, na mwezi haujaisha, ng'ombe mpya akashushwa mlangoni kwake. Banda langu sasa ni la kuni.

Huyo mpya ninamkamua mimi. Madamu ana madaftari ya kusahihisha, na mama mkwe ndiye aliyepanga, akiona amenitafutia riziki. Jana nimechuchumaa, ndoo katikati ya magoti, Madamu akatoa kichwa dirishani.

"Dada, mikono umenawa?"

Nikamwonyesha viganja, mbele na nyuma, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaridhika.

Binti yangu akatokea jikoni na kikombe, akakinyoosha juu ya ndoo kama alivyozoea. Nikamshika mkono.

"Ngoja kwanza, mama. Nenda kamwombe mwenyewe."