Vitone Vyekundu vya Mjomba

Bwana afya aliingia kwenye saluni ya mjomba na ramani ya mtaa iliyojaa vitone vyekundu. Kila kitone kilikuwa kichwa chenye mapunye, naye alitaka kuifunga saluni inayoyasambaza. Mjomba, kwa kupenda sifa, hakungoja kuelezwa.

"Wateja wangu hao!" alisema. "Huyu wa kisimani nilimnyoa Jumatatu. Mapacha hawa nao, mashine ileile, mmoja baada ya mwingine!"

"Huwa unaisafisha kwa spiriti?"

"Saa ngapi, bwana, na foleni yote hii?"

Nilimkanyaga mjomba mguu. Akanikanyaga na yeye, kisha akamnyang'anya bwana afya kalamu.

"Umewasahau wa ng'ambo ya reli," akasema, akiongeza vitone kumi na viwili.

Bwana afya akamshukuru, akatoa kufuli.